Simulesheni ya Mekanika Inapokosea: Dalili, Vyanzo na Marekebisho

Walimu wanaofundisha mekanika kwa kompyuta huleta malalamiko yaleyale muhula baada ya muhula. Ukurasa hauonyeshi kitu. Mpira umepenya ukuta. Springi inazidi kutetema badala ya kutulia. Video inasema mchapuko wa uvutano ni 0.15. Lawama zote hutupiwa kompyuta, ilhali mara nyingi kompyuta imekokotoa kwa uaminifu kile ilichopewa, na kilichokosewa ni namba, kipimo au swali lenyewe.

Kabla ya kugusa mipangilio yoyote, fanya jaribio moja. Zima ukinzani wa hewa, weka g (mchapuko wa uvutano) iwe 9.8, dondosha kitu kilichokuwa kimetulia, kisha soma umbali kilioanguka baada ya sekunde 1 na baada ya sekunde 2, kwa saa iliyomo ndani ya simulesheni. Majibu sahihi ni mita 4.9 na mita 19.6. Ukiyapata, kiini cha modeli ni kizima na hitilafu itafutwe kwingine. Usipoyapata, usiwape wanafunzi modeli hiyo hadi ujue kwa nini. Kwenye mwongozo huu nitaliita jaribio la mdondoko.

## Dalili: simulesheni haifunguki, au ukurasa ni mweupe au mweusi

Teknolojia iliyokufa. Hiki ndicho chanzo kinachoongoza, hasa kwa wanaotumia viungo vilivyoachwa na mwalimu aliyetangulia. Simulesheni nyingi za zamani ziliandikwa kwa Flash au Java. Flash iliacha kuungwa mkono tarehe 31 Desemba 2020, na tangu Januari 12, 2021 maudhui yake yakaanza kuzuiwa. Tafuta toleo jipya la HTML5, lugha ambayo vivinjari vya leo huisoma moja kwa moja, la simulesheni hiyohiyo. PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ulioanzishwa na Carl Wieman mwaka 2002, umeziandika upya simulesheni zake nyingi za mekanika kwa HTML5. Kama unayoitaka haina toleo jipya na ni ya Flash, jaribu Ruffle, programu huria inayoendesha faili za Flash bila Flash yenyewe. Usipakue kamwe "Flash mpya" kutoka tovuti usiyoijua. Huo ni mlango wa virusi.

Tarehe ya kompyuta imepotea. Kompyuta iliyokaa likizo nzima bila kuwashwa inaweza kuamka ikidhani bado ni miaka mingi iliyopita. Kivinjari hulinganisha tarehe hiyo na cheti cha usalama cha tovuti, kikaona havipatani, kikakataa kufungua. Rekebisha tarehe na saa, fungua upya. Ikirudi nyuma tena kila unapozima, betri ndogo ya kwenye ubao mama imeisha. Mwachie fundi kazi hiyo.

Mtandao umeelemewa. Darasa zima likipakua ukurasa mmoja kwa wakati mmoja, wa kwanza watapata na wa mwisho watatazama duara likizunguka. Simulesheni za HTML5 za PhET hupakuliwa kama faili moja inayofunguka kwenye kivinjari bila intaneti. Ipakue mapema, igawe kwa kidole cha USB.

Picha za pande tatu hazichorwi. Ikiwa ukurasa unafunguka lakini mahali pa picha ni peusi, hasa kwenye programu za VPython zinazoendeshwa na kivinjari, angalia kwenye mipangilio kama uongezaji kasi kwa maunzi (hardware acceleration) umezimwa. Uwashe, funga kivinjari chote, fungua tena. Bado? Sasisha kiendeshi cha kadi ya picha.

Simama hapa: ukiombwa nenosiri la msimamizi wa mfumo, usilibahatishe; na usizime kingavirusi ili programu isakinike. Mwite anayesimamia kompyuta hizo.

## Dalili: inakwenda kwa kusuasua

Anza na mambo mepesi: funga vichupo vingine, chomeka laptopu kwenye umeme, zima hali ya kubana betri. Kwa kawaida hilo linatosha. Bado ikisita, punguza idadi ya vitu vilivyomo kwenye simulesheni au ukubwa wa dirisha.

Ila kusuasua kuna madhara yasiyoonekana. Zipo simulesheni zinazosogeza muda kiasi kilekile kwa kila fremu inayochorwa, bila kujali fremu hiyo imechukua muda gani. Kompyuta ikichora fremu 30 kwa sekunde badala ya 60, ulimwengu mzima wa ndani unakwenda nusu ya kasi. Mwanafunzi anayepima kwa saa ya simu atapata pendulamu ya mita 1 ikimaliza mibembeo 10 kwa sekunde 40, wakati jibu ni takriban sekunde 20. Saa ya ndani ya simulesheni itasema 20 bila wasiwasi. Kanuni ni fupi: ndani ya simulesheni, pima kwa saa ya simulesheni.

Simama hapa: laptopu ikivimba chini au padi ya kugusia (touchpad) ikiinuka, betri imevimba. Zima, chomoa, usiibonyeze, usiichaji tena, mpe fundi. Harufu ya kuungua ni amri ya kuchomoa umeme papo hapo. Usifungue kisanduku cha usambazaji umeme cha kompyuta ya mezani, kwani vijenzi vyake hubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa.

## Dalili: kitu kinapenya ukuta au kinarushwa bila sababu

Kompyuta haifuatilii mwendo mfululizo. Huruka kutoka sasa hadi baadaye kidogo, na katikati haioni kitu. Mpira wenye kasi ya mita 30 kwa sekunde, kwa hatua ya muda ya 1/60 ya sekunde, huruka nusu mita kwa kila hatua. Ukuta wenye unene wa sentimita 10 unarukwa bila kuguswa. Ongeza unene wa ukuta, punguza kasi, au fanya hatua ya muda iwe ndogo. Kwenye Algodoo na programu nyingine za fizikia zinazofanana nayo, mpangilio huo mara nyingi huonekana kama idadi ya mikokotoo kwa sekunde.

Kurushwa ghafla kuna chanzo tofauti: vitu viwili viliwekwa vikiwa vimepishana tangu mwanzo, na programu inavitenganisha kwa nguvu. Vitenganishe kwa mkono kabla ya kubonyeza kitufe cha kuanza.

## Dalili: nishati inaongezeka yenyewe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mwalimu akiielewa dalili hii anaielewa nusu ya kazi ya uigaji wa kompyuta. Inawatokea zaidi wanaojenga modeli wenyewe kwenye lahajedwali au kwa mistari michache ya Python. Springi haina msuguano, tungamo linatetema, lakini kila mzunguko upana wa mtetemo ni mkubwa kuliko uliopita. Mwanafunzi mwenye macho makali atauliza nishati inatoka wapi.

Inatoka kwenye mpangilio wa hesabu. Njia rahisi ya Euler husema: nafasi mpya ni nafasi ya zamani kujumlisha velositi ya zamani mara hatua ya muda, velositi mpya ni velositi ya zamani kujumlisha mchapuko wa zamani mara hatua ya muda. Kila hatua inakwenda kwa velositi iliyopitwa na wakati. Tungamo linasogea mbali kidogo kuliko linavyopaswa, springi inavutika zaidi, na ziada hiyo inajilimbikiza.

Chukua springi inayomaliza mtetemo mmoja kwa sekunde 1. Kwa hatua ya sekunde 0.05, njia hiyo inakuza upana wa mtetemo takriban mara 2.6 ndani ya sekunde moja tu. Ukipunguza hatua hadi sekunde 0.01, bado unapata ongezeko la karibu asilimia 22 kwa kila mtetemo. Hivyo ushauri unaosikika sana, wa kupunguza hatua ya muda, unasaidia lakini hautibu.

Tiba ni kubadilisha mpangilio. Kokotoa velositi mpya kwanza, kisha utumie *hiyo mpya* kupata nafasi. Kwenye lahajedwali ni suala la kubadilisha seli moja inayorejelewa: fomula ya nafasi isome velositi ya mstari huu badala ya mstari wa juu. Wanaoandika programu huita njia hii Euler-Cromer. Nishati itapandapanda na kushuka kidogo ndani ya kila mtetemo lakini haitatoroka.

Tahadhari moja. Njia hiyo haiponyi kila kitu, na jaribio la mdondoko linaonyesha hivyo waziwazi. Kwa hatua ya sekunde 0.1, Euler ya kawaida itakuambia kitu kimeanguka mita 4.41 kwa sekunde ya kwanza. Euler-Cromer itasema 5.39. Moja inapungukiwa na nyingine inazidisha kwa kiasi kilekile, na wastani wake ni 4.90. Ukitumia wastani wa velositi ya zamani na mpya kupata nafasi, mdondoko unatoka sawasawa. Kwa springi na mizunguko ya sayari, tumia Euler-Cromer au njia ya Verlet. Kama programu inakuruhusu kuchagua Runge-Kutta ya daraja la nne, ichague kwa masomo mafupi na usahau shida hii. Kwa uigaji mrefu mno nayo huachilia nishati kidogokidogo.

Kama programu ni ya kununua au ya kupakua na huwezi kuona fomula zake, angalia mambo matatu kwa mpangilio huu: kitelezi cha msuguano kimewekwa chini ya sifuri; kuna mota au kani ya nje iliyosahaulika; kiwango cha kudunda kimezidi 1, kiasi kwamba mpira unarudi juu kuliko ulikodondoshwa.

## Dalili: kitu kilichorushwa juu kinaelekea chini

Mwanafunzi ameandika pembe 30, velositi 20, na njia inazama ardhini tangu sekunde ya kwanza. Lahajedwali na lugha za programu husoma pembe kwa radiani. Sini ya radiani 30 ni karibu −0.99, kwa hiyo kompyuta imerusha kitu chini, kama ilivyoagizwa. Badilisha digrii kuwa radiani ndani ya fomula, yaani SIN(RADIANS(30)), na utapata 0.5. Kwenye GeoGebra, programu ya hisabati, weka alama ya digrii baada ya namba.

Ikiwa pembe ni sawa, tazama ishara ya g. Walioweka mhimili wa juu kuwa chanya wanahitaji −9.8. Chanzo cha tatu ni mkato wa desimali: kompyuta iliyopangwa kwa kanda inayotumia mkato wa kawaida husoma 9.8 kama maneno au hata kama tarehe, na seli zote zinazoitegemea zinaharibika. Andika 9,8 uone kama zinapona, au badilisha mpangilio wa kanda.

## Dalili: video inatoa g isiyo 9.8

Uchambuzi wa video, yaani kuweka nukta mahali mpira ulipo kwenye kila fremu kwa Tracker au programu nyingine, nauona kuwa zana bora kuliko simulesheni yoyote, maana mpira ni wa kweli. Kwa sababu hiyohiyo makosa yake ni mengi. Yafuate kwa ukubwa wa kosa unaloliona.

Jibu ni dogo kupindukia, mathalani 0.15. Video ilirekodiwa kwa mwendo wa polepole. Simu ilichukua fremu 240 kwa sekunde, faili ikahifadhiwa ili ichezwe kwa 30. Programu inadhani muda ni mrefu mara 8 kuliko uhalisia, na kwa kuwa mchapuko hugawanywa kwa mraba wa muda, g inapungua mara 64. Nenda kwenye mipangilio ya klipu, andika kasi halisi ya fremu iliyotumika kurekodi.

Jibu limekosea kwa kama asilimia 10. Kipimo cha urefu kiliwekwa mbele au nyuma ya njia ya mpira. Tuseme kamera iko mita 2 kutoka mahali mpira unapoanguka, na rula ya mita moja imesimamishwa sentimita 20 karibu zaidi na kamera. Rula itaonekana ndefu kuliko inavyostahili, mwendo wote utapimwa kuwa mfupi, na g itatoka takriban 8.8. Simamisha rula kwenye ubapa uleule wa mwendo, isogeze kamera mbali, na utumie kukuza picha kwa lenzi kama ipo.

Mlalo nao unaonyesha mchapuko. Chora grafu ya x dhidi ya muda. Kwa mpira mzito uliorushwa hewani inapaswa kuwa mstari mnyoofu. Ikijipinda, kamera ilikuwa imeinama. Zungusha mihimili ndani ya programu ilingane na timazi au ukingo wa mlango unaoonekana kwenye video. Kama mpira ni mwepesi, mfano wa mpira wa tenisi ya mezani, mkunjo huo unaweza kuwa ukinzani wa hewa kwelikweli. Tumia mzito zaidi.

Grafu ya mchapuko inarukaruka kama msumeno. Hili si kosa la kurekodi. Mchapuko hupatikana kwa kutofautisha nafasi mara mbili, na kila kosa dogo la kubofya linakuzwa. Ukikosea milimita 2 kwa video ya fremu 30 kwa sekunde, 0.002 ukiigawa kwa mraba wa 1/30 unapata 1.8 m/s², na hilo ni kosa la nukta moja tu. Usisome grafu ya mchapuko kabisa. Chora velositi ya wima dhidi ya muda usome mteremko wake, au linganisha nafasi na parabola kisha uzidishe kwa 2 namba inayozidisha mraba wa muda. Utaona fujo ile ile ya nukta ikitoa jibu la heshima.

Jibu linabadilika kila unaporudia. Simu nyingi hupunguza kasi ya fremu mwanga unapofifia, na nafasi kati ya fremu inakuwa haifanani. Rekodi penye mwanga mkali. Mwanga huo pia unapunguza ukungu wa mwendo. Video iliyokwisha rekodiwa unaweza kuipitisha kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha faili za video, ukichagua kasi ya fremu isiyobadilika.

## Dalili: pendulamu haikubaliani na fomula

Simulesheni ni sahihi, fomula ndiyo yenye mipaka. Ile inayotumia mzizi wa L/g, ambapo L ni urefu wa pendulamu, ni ya pembe ndogo. Kwa pendulamu ya mita 1 inatoa sekunde 2.01, ukiiachia kwenye digrii 60, muda halisi ni kama 2.15, tofauti ya asilimia 7. Kwenye digrii 10 tofauti haifiki hata asilimia 0.2. Waachie wanafunzi waigundue wenyewe.

## Dalili: pembe kwenye projekta si ile iliyoandikwa

Picha imenyooshwa. Projekta ikitanua picha ya 4:3 ijaze 16:9, mstari wa digrii 45 unaonekana kama digrii 37. Chora duara: likiwa yai, badilisha uwiano wa picha. Usifungue projekta yenyewe. Taa yake huwaka kwa joto kali na nyingi zina zebaki ndani.

## Dalili: kila kitu kinafanya kazi, lakini wanafunzi hawajabadilika

Wamecheza kwa furaha, wamejaza karatasi, kisha unauliza ni kani zipi zinazoutenda mpira uliorushwa juu ukiwa bado unapanda, na wanachora mshale wa kani unaoelekea juu. Dhana hii, kwamba palipo na mwendo pana kani inayousukuma, ni sugu. Jaribio la Force Concept Inventory lililochapishwa mwaka 1992 na Hestenes, Wells na Swackhamer lilitungwa kufichua dhana za aina hii, na walimu wengi hushtuka wakiona majibu ya wanafunzi wanaojua fomula zote.

Chanzo kikuu: hawakutabiri kabla. Anayetazama bila kutabiri husema "nilijua" kwa chochote kinachotokea. Mwambie aandike jibu kwa kalamu kabla ya kubonyeza, na sababu yake.

Chanzo cha pili ni vitelezi vingi. Ficha au kataza vyote isipokuwa kimoja. Cha tatu ni karatasi ya maelekezo inayotaja kila kibonyezo. Mwanafunzi anafuata hatua kama mpishi mgeni bila kujua anapika nini. Mpe swali moja lenye jibu linalobishaniwa.

Cha nne hakisemwi sana: mishale. Simulesheni huonyesha velositi na kani kwa mishale inayofanana isipokuwa rangi, na kwa mwanafunzi wote ni "mshale wa mwendo". Onyesha mishale ya kani peke yake kwanza, mpira ukiwa unapanda. Mshale unatazama chini, na haubadiliki hata kileleni. Simamisha picha hapo, uliza mpira unawezaje kupanda. Washa mishale ya velositi baada ya mabishano, sio kabla.

Simama hapa: wanafunzi wakianza kusema "kwenye kompyuta ndivyo, lakini kweli sivyo", zima skrini. Rusha mpira halisi, urekodi, uuchambue kwa video, ndipo urudi kwenye simulesheni kuilinganisha nao. Kuendelea kuwaonyesha simulesheni nyingine juu ya ile ya kwanza kunawathibitishia tu kwamba kompyuta ina ulimwengu wake.

## Ukimwita fundi

Mwandalie maneno kamili ya ujumbe wa kosa au picha yake, jina na toleo la kivinjari, kama kompyuta ya pili inafanya vilevile, kilichobadilika tangu mara ya mwisho ilipofanya kazi, na matokeo ya jaribio la mdondoko. Namba hizo za mdondoko zikiwa 4.9 na 19.6, mwambie mapema kwamba hesabu ni nzima, asije akasakinisha upya programu ambayo haina ugonjwa.